Barua ya wazi: Majina yao mmeyaandika kwenye vibao vya mitaa, nyumba zao zinavunjwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii. Kwa Mstahiki Meya na Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam. Kwa waheshimiwa madiwani wa Kariakoo na kata jirani. Na kwa yeyote ambaye kalamu yake ndiyo hutia saini kibali cha kubomoa.

Walionizidi umri, shikamooni. Wadogo zangu, habari za kazi.

Naandika kuhusu nyumba moja ya Kariakoo inayotakiwa kuvunjwa, nami naomba ibaki, iwe makumbusho. Mtaa wake sitautaja, wala namba, wala jina la familia. Nikitaja leo, kesho alfajiri madalali watatu watakuwa wameshakaa barazani, na mmoja wao ana mkoba. Bibi mwenye nyumba amechoka na watu wenye mikoba. Mkitaka kuijua mtaijua tu: mtumeni mtu aulizie nyumba yenye bao la saruji, ataoneshwa kabla hajamaliza kusema.

Na nieleze mapema nina fungu gani, maana mjini hapa mtu akitetea nyumba hilo ndilo swali la kwanza. Sina fungu. Mama yangu alipanga chumba cha pili mkono wa kulia, nami nimekulia humo, nikasomea humo kwa taa ya chemli siku ambazo umeme ulikatwa kwa sababu mpangaji wa chumba cha mbele amegoma kuchangia. Sikurithi hata bawaba. Nilihama, nikaoa, nimestaafu, na mpaka leo kila Ijumaa nikitoka msikitini napita kumjulia hali Bibi. Ijumaa tatu zilizopita nilimkuta mpimaji uani na kamba yake. Kijana mpole, akaniamkia vizuri, akaendelea na kazi. Nikachungulia karatasi yake. Palikuwa na mstatili mtupu, vipimo pembeni, na mshale wa kuonesha kaskazini. Nyumba hakuichora.

Basi niichore mimi.

Ni nyumba ya Kiswahili, ile ambayo aliyekulia Dar es Salaam anaweza kutembea ndani yake amefumba macho: korido katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma jiko, choo na bafu, mbele baraza. Kuta ni miti na fito, zikakandikwa udongo, zikapakwa chokaa. Miaka ya karibuni mtu mwenye nia njema akapiga plasta ya saruji juu yake, nitalirudia hilo. Mlango wa mbele ni wa mbao wa mbawa mbili, umechongwa maua kwenye mwimo wa juu, si mchongo wa kitajiri kama wa milango ya Unguja, lakini fundi hakuwa na haraka. Na kwenye baraza, mkono wa kushoto, saruji ikiwa bado mbichi mtu alitoboa mashimo 32, safu nne za nane nane. Bao. Wazee wamelicheza mpaka shimo la nyumba, ambalo lilikuwa la mraba, pembe zake zimeisha kwa vidole. Sisi watoto tulikuwa tunatumwa komwe. Mvua ikinyesha yale mashimo yanajaa maji na kuku wa jirani wanakuja kunywa.

Aliyeijenga alikuwa mfanyakazi wa bandarini. Kwenye vitabu vya shule hamumkuti. Alikuwa mwanachama wa African Association tangu zama ilipokuwa klabu ya watu wachache wanaojua kusoma, baadaye TANU, na sebule yake, yaani ile korido, ilikuwa pa kukusanyia michango. Ninachokijua zaidi kuhusu siasa zake nimekipata kwenye daftari la kodi. Bibi, ambaye ni binti yake, analo bado, limefungwa kwa kanga ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Kila mpangaji ana mstari wake: jina, alikotoka, kazi yake, shilingi ngapi, tarehe aliyolipa. Kuna Mmanyema mpishi, kuna Mnyamwezi mchukuzi wa mizigo, kuna mwanamke mmoja muuza vitumbua ambaye alilipa kwa wiki. Kisha kuna mpangaji mmoja ambaye kwa miezi minne mfululizo pa kuandika shilingi hapana kitu, na pembeni mzee ameandika kwa penseli kwamba asidaiwe, yumo kwenye kazi za chama. Sijui kama kuna nyaraka ya uhuru wa nchi hii iliyonigusa kuliko ile. Uhuru ulikuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo ilikuwa kodi ya chumba kimoja Kariakoo ambayo mwenye nyumba aliamua kuisamehe.

Mtasema: mzee mmoja asiyejulikana. Haya, tuje kwa wanaojulikana.

Kleist Sykes alizaliwa mwaka 1894. Alikuwa miongoni mwa walioianzisha African Association mwaka 1929, na ndiye aliyekuwa katibu wake. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka kusini mwa Msumbiji, akaletwa na Wajerumani kama askari katika jeshi la Wissmann, lile lililokuja kuwapiga watu wa pwani waliosimama na Abushiri kuwapinga Wajerumani. Kleist mwenyewe alipigana Vita Kuu ya Kwanza upande wa Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck. Wanawe Abdulwahid na Ally wakachukuliwa na Waingereza Vita ya Pili, wakafika Burma. Vizazi vitatu vya nyumba moja vimevaa sare za watu wengine. Na ni kizazi hicho cha tatu, kiliporudi kutoka Burma, kilichokuwa katikati ya TAA, yaani ile African Association kwa jina lake la baadaye, mpaka ikazaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954, pale New Street ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 alipokelewa Kariakoo, nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, kabla hajapata pake Magomeni.

Kisa hiki hakikai vizuri kwenye sanamu. Ukimchonga Mbuwane utamchonga vipi, na bunduki ya nani? Lakini kwenye nyumba kinakaa. Mtu anaingia, anaiona picha ya babu amevaa kofia ya askari wa Mjerumani, anapiga hatua nne kwenye korido ileile anamwona mjukuu na kadi ya TANU, na hakuna wa kumwambia afikirie nini. Ndiyo maana familia hizi za mwanzo nataka zikumbukwe kwa nyumba zao.

Tumefanya nini mpaka sasa? Tumetoa majina. Mtaa wa Kipata tukauita Kleist Sykes. New Street tukaipa Lumumba. Barabara kubwa inayopita Mnazi Mmoja tukampa Bibi Titi Mohamed, na alistahili. Kibao cha mtaa ni bei nafuu, na hakizuii ghorofa. Katika mitaa hiyohiyo yenye majina makubwa, tembeeni mkahesabu nyumba za korido zilizobaki. Mimi nimeanza kuhesabu mara mbili nikaacha, kwa sababu kila nikirudi pana mabati ya kuzungushia ujenzi mahali nilipokuwa nimeweka alama.

Sheria yetu nayo ina mambo yake. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikafanyiwa marekebisho 1979. Jengo linalindwa moja kwa moja kama lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Kariakoo nzima haimo. Mpango wa mitaa hii tumeukuta kwa Wajerumani, na jina lenyewe limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ulimi wa mji ukaikata ikawa Kariakoo. Kwa hiyo mbele ya sheria nyumba zote za waasisi wa siasa za nchi hii ni mpya. Lakini sheria hiyohiyo inaulinda mlango wa mbao uliochongwa kabla ya mwaka 1940. Someni wenyewe. Mlango wa nyumba ya Bibi una haki, nyumba haina. Mwaka juzi alikuja mtu anataka kununua mlango peke yake, kwa ajili ya hoteli, na akatushauri tutie geti la chuma, ni salama zaidi. Bibi akamuuliza kama na korido anaitaka.

Mheshimiwa Waziri, sheria imekuachia nafasi. Unaweza kulitangaza jengo lolote kwenye Gazeti la Serikali kuwa la kumbukumbu hata kama limejengwa juzi. Haihitaji Bunge likae. Inahitaji mtu alete faili mezani kwako, na hapo ndipo tunapokwama.

Nililipeleka mimi hilo faili, si kwako, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja kwa sababu waliomo humo ni watu wa kuagizwa tu. Nilikuwa na picha nane na nakala ya kurasa mbili za daftari. Afisa akazipitia, akaniuliza kama nyumba ni ya mawe. Nikasema ni ya udongo. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba nyumba ya udongo itaanguka yenyewe, na fedha za kuihifadhi zitakuwa zimepotea. Kisha akanipa kipande cha karatasi niandike namba ya simu. Naamini kile kipande nacho kimeshahifadhiwa mahali.

Hoja ya udongo naijibu, kwa sababu nimeisikia kwa wengi wenye elimu. Ukuta wa miti na udongo hauanguki kwa kuwa ni wa udongo. Unaanguka maji yakiingia na yasipate pa kutokea. Wazee walipaka chokaa, na chokaa huacha ukuta upumue: unalowa, unakauka. Saruji haipumui. Ukipiga plasta ya saruji juu ya udongo, unyevu unaopanda kutoka chini unabaki ndani, fito zinaoza, mchwa wanapata chakula laini, na siku moja plasta inabanduka kama ganda la yai na nyuma yake hamna kitu. Chumba chetu cha pili kulia ukuta wa nje umeshaanza kutoa mlio mtupu ukiugonga. Dawa yake si greda. Dawa ni kuibandua ile saruji, kubadilisha miti iliyooza mmoja baada ya mwingine, kukandika upya, kupaka chokaa, na zaidi ya yote kuziba paa na kurefusha michirizi ya mabati maji yasirukie ukutani. Mafundi wanaojua kukandika hamjawakosa. Nendeni nusu saa nje ya mji mtawakuta kazini.

Na jiwe haliponi kwa kuwa ni jiwe. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa makumbusho, imo ndani ya Mji Mkongwe ambao UNESCO imeuandika kwenye urithi wa dunia tangu 2000. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, upande wake ukaporomoka na wafanyakazi wawili wakafa. Kibao cha makumbusho hakishikilii paa. Wala zege haliponi kwa kuwa ni zege: Novemba 2024 hapahapa Kariakoo ghorofa lilishuka na watu ndani, na sisi wa mitaani tulikesha nje ya kifusi. Kwa hiyo tusiambiane kwamba hatari ya mji huu ni kibanda cha Bibi.

Sasa nije kwenye jambo gumu, ambalo waandishi wa barua kama hii hulikwepa: familia.

Familia si maadui wa historia. Mzee aliyejenga alifariki, kikafuata kizazi cha Bibi, ndugu zake wakafa mmoja mmoja, na kila aliyekufa ameacha watoto. Mirathi haijafungwa. Leo wenye haki katika kiwanja kile ni watu zaidi ya ishirini, wengine wako Mbagala, wengine Tanga, mmoja Muscat. Wapo wanaolipa ada za shule, wapo wagonjwa. Anakuja mwekezaji na karatasi ya ubia: ninyi toeni kiwanja, mimi najenga ghorofa kumi, chini fremu za maduka, juu vyumba, ninyi mtapata ghorofa mbili. Ukiwa wewe ni mjukuu wa Tanga ambaye nyumba hii umeilala mara tatu maishani, utakataa kwa sababu gani? Kwa sababu ya bao?

Mimi nisingemlaumu. Anayemtaka asivunje lazima aje na kitu mkononi, na mpaka leo anayekuja na kitu mkononi ni mwekezaji peke yake. Serikali inakuja na makato ya kodi ya jengo kwenye Luku.

Ninachowaomba ni hiki. Jiji likae na familia kama mbia anavyokaa nao, na ofa yake. Mnavyo viwanja kwingine. Wapeni warithi kiwanja cha kujenga, nao waachie hiki kibaki kilivyo. Au Makumbusho ya Taifa ipange nyumba kwa mkataba wa miaka mingi, kodi ilipwe kwa wakati, igawanywe kwa warithi kama fremu ingelipa, na umiliki ubaki kwao. Au nunueni mafungu ya wanaotaka kuuza, waacheni wasiotaka. Mwanasheria wa Jiji atajua ipi inafaa kuliko mimi. Nachojua ni kwamba hatua ya kwanza ni kusaidia mirathi ifungwe, kwa sababu kila mpango wa kuhifadhi nyumba hapa mjini utakufa mlangoni kama hapana wa kutia saini upande wa pili. Na msamaha wa kodi na ada ni jambo mnaloweza kuanza nalo mapema, linaonesha kwamba mmekuja kwa heri.

Fedha? Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, fedha zikapatikana za kulirudisha na kujenga jipya ubavuni. Nilifurahi. Lile soko la zamani lililochorwa na Beda Amuli ni jengo la haki kuhifadhiwa. Nyumba ya vyumba sita haifiki hata gharama ya ngazi zake.

Makumbusho yenyewe naiona ndogo. Vyumba viwili tu viwe vya maonesho, pamoja na korido. Bibi abaki kwenye chumba chake mpaka mwisho wake, na yeyote atakayeingia abishe hodi kwanza. Chumba cha mbele kiwe fremu kama kawaida ya Kariakoo, wauze kahawa, vitabu, kanga, kilipe umeme na mlinzi. Uani pabaki uani, wanafunzi wakae kwenye mkeka wasimuliwe. Vitu vya familia visichukuliwe kama zawadi: daftari, picha, santuri, viazimwe kwa karatasi, vipigwe picha kimoja kimoja, viandikwe, na mrithi apewe nakala. Nimeona familia zilizotoa picha za wazee kwa watu wenye maneno matamu na hazikurudi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waje wapime nyumba yote, waichore mpaka kitasa, hata kabla hatujakubaliana lolote. Hilo halimdhuru mtu, na tukishindwa angalau pabaki mchoro wenye vyumba ndani yake.

Na wapangaji msiwasahau. Hapa nakiri nina upendeleo. Makumbusho ya nyumba mara nyingi husimulia mwenye nyumba tu, kitanda chake, meza yake, kalamu yake. New York wana jengo la wapangaji, namba 97 Orchard Street, lilijengwa mwaka 1863 (mwaka uleule wa kwenye sheria yetu, lakini huko mwaka huo haukuzuia mtu kitu), likakaliwa na familia za wahamiaji maskini mpaka 1935, na tangu 1988 ni makumbusho yanayosimulia hao hao waliokuwa wakidaiwa kodi. Soweto, nyumba namba 8115 Mtaa wa Vilakazi, ya Mandela, ni tofali nyekundu na vyumba unavyovimaliza kwa hatua chache, na dunia nzima inapanga foleni. Hata sisi tunajua kufanya: nyumba ya Mwalimu Magomeni tumeihifadhi, ya kawaida kama za majirani zake, na hakuna aliyetoka pale akasema ni ndogo mno. Ila mtoto akitoka Magomeni atadhani uhuru ulikaa kwa mtu mmoja. Kariakoo ndiko kwenye waliompokea, waliomchangia, kinamama waliouza kadi nyumba kwa nyumba, na yule mpangaji wa miezi minne.

Tafadhali pia, mkikubali, msitengeneze sana. Nimeona mahali pa kumbukumbu pamewekwa vigae vinavyoteleza, ua wa nondo zilizopakwa rangi ya dhahabu, na picha kubwa ya kiongozi aliyezindua. Msivunje mkajenga mfano wake kwa tofali za saruji mkasema ndiyo ileile. Acheni baraza lilivyo. Acheni watu wacheze bao, hata siku ya uzinduzi, hata mbele ya mgeni rasmi. Mzee akikataa kunyanyuka kwa kuwa yuko kwenye takata, ile zamu ya kusogeza kete bila kula, msubirini amalize.

Kikao cha familia kimewekwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, uani. Mwekezaji amealikwa na atakuja na mwanasheria. Bibi ameniruhusu kuwaalika na ninyi, na amesema viti vya kukodi vipo vya kutosha. Kuna mambo mawili ya kujua mkifika. Mlango wa mbele sukumeni ubawa wa kushoto. Wa kulia umekaza tangu masika ya mwaka jana. Na kwenye korido tembeeni polepole mpaka macho yazoee giza, kwa sababu taa ya katikati imeungua, na wapangaji bado wanabishana ni zamu ya nani kununua.

Wenu,
Mtoto wa mpangaji, chumba cha pili kulia